Injini Iliyonuna

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Gari la shule yangu ya udereva lilikufa injini katikati ya mtihani, mwanafunzi usukani, mkaguzi pembeni yake. Mkaguzi akanipa nafasi moja ya mwisho: Jumatatu, saa nne asubuhi, gari liwe zima, liwashwe kwa ufunguo na litembee. La sivyo shule inafungwa. Nikapata injini nyingine kwa muuza vyuma, mdogo wangu akaifunga, nami nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza matatizo yake.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki, lini mmeniona mimi nimemaliza matatizo?

Jumatatu niliingia uwanjani kwetu nimevaa gauni la bluu, lile ninalolivaa nikiwa na hakika ya kushinda. Wanafunzi wa mtihani walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mkwe wangu, miwani puani, pochi mapajani.

Ndiyo, mama mkwe. Najua kuna wanaouliza inakuwaje. Mwanawe aliniacha, akafungua shule yake ya udereva mtaa wa pili, akanipokonya nusu ya wanafunzi. Mama yake akaja kujifunza kwangu. Nilimuuliza kwa nini asiende kwa mwanawe, akafundishwa bure.

"Mwanangu," aliniambia, "aliyeshindwa kukaa kwenye ndoa atanifundisha mimi kukaa kwenye njia?"

Talaka ilikuwa yangu na mwanawe. Yeye hakuwahi kuniacha, na kwa hilo nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia.

Mtalaka wangu mwenyewe mmeshamzoea kwa jina la Matangazo. Husikika mtaa mzima kabla hajaonekana.

Basi nikaingia garini, nikahakikisha gia iko huru, nikavuta breki ya mkono, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Si kile kimya cha gari linalokohoa kisha likakata tamaa. Hili halikukohoa. Hata kile kimlio kidogo cha "tik" hakikuwepo. Taa za dashibodi zilikuwa zinawaka vizuri tu, na injini imenuna.

"Dada, acha utani," alisema mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mbele ya gari akisubiri makofi.

Mdogo wangu huyu ni fundi wa magari, mtaani wanamwita Spana. Mikono yake ni hodari, lakini mdomo ndio hodari zaidi.

"Jana uliliwasha?" nilimuuliza.

"Jana nilifunga injini."

"Nimekuuliza, uliliwasha?"

"Dada, kufunga na kuwasha ni vitu viwili. Betri ilikuwa kwenye chaji."

Nilitamani kumzaba kibao mbele za watu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama naye chini ya boneti na gauni langu la bluu.

"Piga honi," aliniambia. Nikarudi ndani, nikapiga. Kinyozi wetu, mwanafunzi wa pili kwenye foleni ya mtihani na mwoga wa kwanza duniani, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Washa taa kubwa. Haya, sasa zungusha ufunguo, mimi naziangalia taa."

Nikazungusha.

"Hazififii," alisema.

"Hiyo ni habari nzuri au mbaya?"

"Ni habari. Stata, ile mota ya kuiamsha injini, ikivuta umeme, taa lazima zififie. Hizi zinanikodolea macho tu. Maana yake betri ni nzima, ila stata haijaambiwa kitu. Wewe unazungusha ufunguo, ujumbe unapotelea njiani."

Kinyozi alisogea. "Mwalimu, mimi mashine yangu ya kunyolea ikigoma naipiga kofi, inaamka."

"Lipige gari hili kofi," Spana alimjibu, "nitakunyoa mimi, tena kwa bisibisi."

Akachomoa fyuzi, akaitazama juani, akairudisha. Nzima. Akakwangua rangi pale waya wa hasi unaposhika bodi, akakaza nati. Nikazungusha ufunguo. Kimya kilekile.

"Sasa tuiulize stata yenyewe," alisema Spana. Akachukua kipande cha waya. "Nikiugusisha huu kwenye betri na kwenye stata, tunauruka ufunguo. Ikizunguka, stata ni nzima. Ikikataa, tumepata mchawi. Gari liko huru?"

"Liko huru," nilijibu kwa kujiamini, maana niliiweka gia mimi mwenyewe.

Sikujua kwamba nilipotoka kwenda kutazama kile kipande cha waya, mama mkwe aliona kiti kitupu akaingia.

Spana, ameinama ubavuni mwa gari, akagusisha waya. Gari likaruka mbele, likaangusha koni mbili za plastiki na kufuata benchi, hadi waya ulipomponyoka. Wanafunzi wakatawanyika. Kinyozi nilimkuta juu ya pipa la maji, na sijui hadi leo alipandaje.

"Limewaka!" mama mkwe alishangilia dirishani. "Nimefaulu?"

"Mama! Umefanya nini?"

"Nilikuwa napitia masomo. Nikaweka gia ya kwanza, nikashusha breki ya mkono. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Hakuna mwalimu anayeweza kumlaumu mwanafunzi kwa kukumbuka alichofundishwa. Nikamshusha taratibu, nikarudisha koni mahali pake, nikaweka gia huru kwa mara nyingine.

Spana yeye alikuwa anacheka mpaka machozi. "Dada, furahi! Stata nzima. Betri nzima. Injini inazunguka vizuri sana. Mgonjwa wetu ni waya mmoja tu, kati ya ufunguo na stata."

"Basi si tuwashe hivyohivyo kwa kile kipande cha waya?" kinyozi aliuliza akiwa bado juu ya pipa.

"Mkaguzi anazima gari na kumwambia kila mmoja wenu aliwashe mwenyewe kwa ufunguo," nilimwambia. "Utatoka ufungue boneti uguse nyaya?"

Mama mkwe alisema yeye yuko tayari.

Ghafla Spana akajipiga paji la uso, akajiachia alama ya grisi. "Mimi ni mjinga, dada. Injini hii imetoka kwenye gari la otomatiki!"

"Kwa hiyo?"

"Gari la otomatiki haliwaki mpaka mkono wa gia uwe pale pa kuegesha. Waya wa stata unapitia kwanza kwenye gia kuomba ruhusa. Sisi gia zetu ni za kuingiza kwa mkono, kwa hiyo waya umefika pale pa kuombea ruhusa, haukukuta mtu."

Nilimbusu shavuni, grisi na yote. Akazitafuta nyaya mbili zilizokuwa zinaning'inia, akaziunganisha, akasimama kando na kunipungia mkono kama mshika bendera wa mashindano. Nikaomba dua fupi. Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Hapo ndipo roho yangu ilipozama. Nitawaambia ukweli: niliegemeza paji la uso kwenye usukani na kuanza kufikiria kazi nyingine. Shule ile niliianza baada ya kuachwa, kwa gari moja na koni za kuazima, ili watu waache kuniita "yule aliyeachwa" na waanze kuniita Mwalimu. Na kweli wakaanza. Sasa nilikuwa nalisikia lile jina la zamani likirudi.

"Mwalimu," kinyozi aliita kutoka juu ya pipa, "mkaguzi huyo anaingia!"

Mkaguzi wetu ni askari wa usalama barabarani, mwembamba, maneno yake ya kupima. Aliegesha pikipiki yake, akalitazama gari lenye boneti wazi, akanitazama mimi mwenye grisi shavuni.

"Mwalimu. Gari tayari?"

"Karibu sana, afande. Tunamalizia kulipangusa."

"Kupangusa injini?"

Mama mkwe aliinuka na pochi yake. Akamshika mkaguzi kiwiko kwa adabu zote, akampeleka kwenye benchi.

"Keti, mwanangu. Kuna maswali yananinyima usingizi. Nikifika kwenye mzunguko, upande wangu wa kulia kuna ng'ombe na upande wa kushoto kuna bibi harusi, nani apite kwanza?"

"Ng'ombe ana mchungaji?" mkaguzi aliuliza. Kumbe na yeye alikuwa na ugonjwa wa kupenda maswali.

Tukapata nafasi ya kupumua. Nikamwambia Spana tuache kubuni. Tuushike waya wenyewe, tangu pale unapoingia kwenye stata, tuufuate kwa vidole hadi mwisho wake. Yeye akaangaza tochi ya simu, mimi nikapapasa. Ukapita nyuma ya injini, ukaingia kwenye fungu la nyaya zilizokuja na injini, ukajificha, ukatokeza. Halafu ukakatika.

Si kukatika kwa kuchakaa. Ulikuwa umekatwa kwa makusudi, na ncha zote mbili zimefungwa tepu nyeusi, kila moja peke yake, zimelala pamoja kwa amani.

"Hizi ni nini?"

"Za ziada," alisema Spana. "Zilikuja hivyohivyo. Nikaona zimefungwa kwa ustadi, nikajua ni kazi ya kiwandani, nikaziacha."

Nikaisogeza tochi. Mwisho wa tepu, kwenye kila ncha, ulikuwa umekunjwa kidogo na kuacha kijisikio, ili siku ya kuibandua usihangaike kwa kucha.

Nikakigusa kwa kidole.

Visikio vile niliishi navyo ndoa yangu nzima. Kwenye tepu ya kufungia maboksi, kwenye pakiti ya unga, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Wakati tunapendana niliviona ni tabia ya mwanamume makini. Tulipoanza kugombana, nilivibandua na kuvinyoosha kwa hasira asipokuwepo.

"Kiwandani hawakunji," nilimwambia Spana. "Huyu ni Matangazo."

"Shemeji?"

"Aliyekuwa shemeji. Kila gari analomiliki anakata waya wa stata na kuupitisha kwenye swichi ya siri chini ya kiti, asiweze kuliwasha mtu mwingine. Hata mimi mkewe sikuonyeshwa swichi iko wapi. Hapa ameondoa swichi yake, akafunga ncha. Kwa hiyo waya umebaki umekatika, na gari hili haliwezi kuwaka hata likisomewa dua."

Spana alikodoa macho. "Dada. Ina maana hii injini..."

Ilikuwa na maana hiyohiyo. Ilikuwa injini ya lile gari jeupe la otomatiki aliloondoka nalo na masanduku yake. Lile analoutangazia mtaa kwamba liko tawi lake la mji wa pili, linafundisha watu asubuhi na jioni.

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui ng'ombe na bibi harusi aliwaacha wapi.

"Mama," nilimuuliza polepole, "yule muuza vyuma uliyenielekeza kwake, ulimjuaje?"

"Mwanangu, mgonjwa yuko mahututi, wewe unauliza kitanda kilinunuliwa wapi? Unganisheni waya. Yule askari ameanza kutazama saa."

Spana akabandua tepu zote mbili, na kwa msaada wa vile visikio zilibanduka kirahisi ajabu. Akazibandika kwenye mkono wa ovaroli yake, akasokota nyaya pamoja, akazifunga kwa tepu yake mwenyewe. Nikaingia garini. Sikuomba dua tena, nilifumba macho tu.

Injini ikazunguka mara moja, ikashika, ikanguruma. Wanafunzi wakapiga makofi. Kinyozi akashuka kutoka kwenye pipa. Mimi nikacheka, na nakiri kwenu kwamba sikucheka kwa sababu ya gari kuwaka tu. Mwanamume aliyeniambia siwezi kuendesha shule bila yeye, sasa injini yake ndiyo inaniendeshea shule. Raha iliyoje!

"Mwanafunzi wa kwanza," mkaguzi aliita.

Mama mkwe akakaa usukani. Mkaguzi akakaa kwenye kiti cha mwalimu, kile chenye breki yake ya ziada. Akalizima gari.

"Liwashe."

Likawaka kwa ufunguo, bila manung'uniko. Mama akazunguka koni zote pasipo kuigusa hata moja. Akarudi kinyumenyume kwenye kile kichochoro kilichowaliza vijana wengi, akatulia katikati kabisa. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Ilibaki sehemu ya barabarani, nami nilishaanza kuisikia harufu ya ushindi.

Ndipo tukamsikia Matangazo.

"Zima hilo gari! Afande, zima! Injini hiyo ni yangu! Nimeibiwa!"

Akatokea getini kwa miguu, jasho linamtiririka, mkono mmoja juu. Gari lilikuwa limesimama linaunguruma taratibu. Mkaguzi akateremsha kioo.

"Boneti imefungwa. Umejuaje kuwa ni yako?"

"Afande, mimi mlio wake naujua! Una kimluzi ukiachia mafuta. Nimepita barabarani nikausikia, damu ikanisimama!"

"Lakini si ulisema lile gari liko tawi la mji wa pili?" kinyozi aliuliza. Mwoga yule, siku hiyo alinilipa ada yake yote kwa swali moja.

Matangazo alifungua mdomo, hapakutoka tangazo.

Mkaguzi hakucheka. Alinitazama mimi. "Mwalimu, kama injini hii ni ya wizi, kufungiwa shule itakuwa ndiyo shida yako ndogo."

Wanafunzi wote walikuwa wananitazama. Nikalinyoosha gauni langu la bluu.

"Afande, nilinunua kwa muuza vyuma, mchana kweupe. Na mwizi wa injini hukata nyaya na kukimbia. Aliyeitoa hii alitulia, akafunga kila ncha kwa tepu, na mwisho wa tepu akakunja kisikio ili akirudi kuifunga asipate tabu. Spana, mwonyeshe."

Spana akanyoosha mkono wa ovaroli. Mkaguzi akavitazama vile visikio, halafu akamtazama Matangazo. Sote tukamtazama. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na pakiti ya biskuti iliyofungwa kwa tepu nyeusi, na mwisho wake una kisikio.

"Sawa!" alisema Matangazo. "Niliitoa mimi. Niliitoa niitengeneze! Lakini sikuiuza! Niliiweka kwenye stoo nyumbani kwa mama, nikafunga kufuli kwa mkono wangu. Asubuhi ya leo nimekwenda kuifuata, stoo ni tupu, na sakafu imedekiwa!"

"Kufuli limevunjwa?" mkaguzi aliuliza.

"Halijavunjwa."

"Ufunguo wa stoo ana nani mwingine?"

Tangu nimjue mwanamume yule, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Mama."

Macho yote yakahamia usukanini. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, mikono miwili kwenye usukani, anatazama mbele. Injini ilikuwa inaunguruma na kale kamluzi kake.

"Mama," Matangazo alisogea dirishani, "nani kaitoa injini yangu stoo?"

Mama mkwe aliangalia kioo cha katikati. Akaangalia cha kushoto. Akaangalia cha kulia. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo kabla ya kuondoka, na kwa mara ya kwanza nikajuta.

"Afande," alisema kwa upole, "mtihani wangu umekwisha?"

"Bado barabarani, mama, lakini kwanza jibu swali la..."

"Basi funga mkanda, mwanangu."

Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi polepole, gari halikustuka hata chembe. Akatoka getini na injini ya mwanawe, gari langu la pekee na mkaguzi mzima wa serikali, akaingia barabarani akapinda kushoto.

Njia ya mtihani ni kulia.